Nilipeleka Watalii Kuonja Divai, Nikapokelewa Kama Mposaji

Siku ile nilibusiwa mashavuni na akina mama wa kijiji kizima kabla hata mguu wa pili haujashuka kwenye basi, na hakuna hata mmoja niliyemjua.

Mtu mwenye akili zake angejiuliza, "Hivi hapa kuna nini?"

Mimi nilijiuliza, "Kumbe nimeshakuwa maarufu kiasi hiki?"

Sasa twende taratibu.

Naitwa Wadih Saliba, mzaliwa wa Zahle, bonde la Bekaa, Lebanon. Kazi yangu ni kutembeza watalii kwenye mashamba ya mizabibu. Nawapitisha shamba kwa shamba, wanaonja divai, wanapiga picha na mapipa, jioni nawarudisha hotelini wakiwa wanapendana kuliko walivyotoka.

Na kwenye kazi hiyo nilijiona mfalme, jamani.

Suti rangi ya maziwa. Kitambaa chekundu mfukoni. Nywele mafuta mpaka nzi akitua anateleza.

Divai siinywi hivi hivi kama nyie. Naizungusha kwenye glasi, nafumba macho, nasema, "Mmmh... hapa napata cheri, tandiko la farasi, na mvua ya kwanza."

Tandiko la farasi sijawahi kulinusa tangu nizaliwe. Lakini wageni wanaandika.

Dereva wangu aliitwa Sevag, kijana wa Kiarmenia wa kule Anjar. Mrefu, mabega ya mbeba magunia, mdomo haupumziki. Aliniita "Kiongozi," nami nikawa naipokea kama heshima.

Siku hiyo tulikuwa na Wabrazili, watu wazima wenye hela zao na magoti yao mabovu. Kireno nakijua, mama yangu kazaliwa kwao; Walebanoni wengi tuna ndugu waliohamia kule. Mkubwa wao alikuwa Dona Zuleide, yaani Bi Zuleide, daktari wa meno mstaafu, ambaye tangu mumewe afariki kazi yake ni moja tu: kuifuata divai popote duniani inapolimwa.

"Mendoza kule Argentina nimemaliza," aliniambia asubuhi akipanda basi. "Ureno nimemaliza. Georgia walinionyesha mitungi waliyoizika ardhini. Afrika Kusini wakanizungusha kwa tramu. Haya Wadih, nyinyi mna nini?"

Nikatengeneza tai.

"Dona Zuleide, leo utasahau kote ulikopita."

Nilisema kweli bila kujua.

Tulikuwa tunakwenda shamba jipya, Ain el-Warde, upande wa magharibi wa bonde, chini ya mlima. Sijawahi kufika. Nikasema ramani ya simu itatupeleka.

Sasa ramani za simu za kwetu miaka hii, mawimbi yakivurugwa na mambo ya vita, zina wazimu wake. Nimekaa katikati ya mashamba ya viazi, simu inaniambia nipo uwanja wa ndege wa Beirut, tena nakimbia juu ya njia ya ndege.

"Kiongozi, simu inasemaje?" Sevag akauliza.

Dona Zuleide kakaa nyuma yangu kabisa. Ningesemaje mbele yake kwamba tunakaribia kupaa?

"Kata kushoto," nikasema.

"Kushoto hapo mtaro."

"Kushoto inayofuata, basi. Mbona mbishi?"

Sevag akacheka, akakata kulia.

Nikanyamaza. Kiongozi mzuri anajua wakati wa kunyamaza.

Tukapita kijiji, tukapanda kilima, tukafika kwenye nyumba ya mawe, mizabibu imeanzia nyuma ya jiko mpaka inapiga goti mlimani. Uani viti vimepangwa, meza zimefunikwa vitambaa vyeupe, mwanakondoo mzima juu ya wali, maua kila mahali.

Nikasema moyoni, hawa wenye shamba wanajua biashara.

Ndipo yale mabusu yakaanza.

Mzee mwenye masharubu meupe akawapangua akina mama, akanikumbatia mpaka vifungo vya suti vikalia.

"Mwanangu! Tunawasubiri tangu asubuhi! Mbona mmekawia?"

"Simu, mzee wangu. Ilitupeleka uwanja wa ndege."

"Si ndiko mnakotoka!" Akaangua kicheko, kisha akageuka kwa mkewe. "Umm Tanios, umesikia Kiarabu cha huyu kijana? Utadhani kazaliwa Zahle!"

"Nimezaliwa Zahle," nikasema.

Ua mzima ukacheka.

"Na mcheshi!" mzee akasema. "Na hawa wote ni watu wako?"

"Wote watu wangu, mzee. Wametoka Brazili kwa ajili ya siku hii tu."

Umm Tanios akaanza kulia. Akanishika mashavu, akasema nina macho ya marehemu babu. Babu yupi, hakusema. Nikamshukuru.

Tukakaa. Mimi nikawekwa kiti cha katikati chenye mto. Dona Zuleide akaninong'oneza, "Stellenbosch kule Afrika Kusini hawakunipiga busu hata moja."

"Nilikuambia," nikamjibu, huku nikijisikia kama waziri.

Yule mzee, Abu Tanios, yaani Baba Tanios, akakohoa. Watu wakanyamaza.

"Haya, mwanangu. Sema mbele ya watu. Umekuja kutafuta nini katika nyumba hii?"

Nikajua tu ni maigizo ya kuwafurahisha watalii. Mashamba mengine wanavaa nguo za zamani, mengine wanapiga ngoma. Hawa wamekuja na maswali. Nikasimama, nikafunga kifungo cha suti.

"Mzee wangu," nikaanza, "tumevuka bahari kwa ajili ya tunu moja iliyomo ndani ya nyumba hii. Sifa zake zimetufikia mbali. Tumesikia imetunzwa vizuri, imekomaa kwa wakati wake, na haijachezewa na mikono ya hovyo."

"Maneno hayo!" mzee mmoja akapiga paja.

Abu Tanios macho yakamlowa.

"Tunu hiyo nimeitunza mwenyewe. Miaka ishirini na saba."

Nikashtuka. Divai ya miaka ishirini na saba! Na sisi tumelipia kuonja divai za kawaida!

"Mzee wangu, kwa heshima zote," nikasema, "tunaweza kuonja kidogo kabla hatujazungumza mengine?"

Kimya.

Kimya cha kusikia kondoo akipoa kwenye sahani.

"Kuonja?" Abu Tanios akasema. Masharubu yakasimama.

"Kidogo tu, mzee. Na wageni wangu pia."

Mzee wa paja akainuka na fimbo yake. Umm Tanios akaruka katikati kama golikipa.

"Kahawa! Anasema kahawa, jamani! Anataka kuonja kahawa ya mkono wa binti! Si mnajua Kiarabu cha Brazili!"

Watu wakashusha pumzi. Abu Tanios akajifuta jasho. "Nilijua tu," akasema, "Kiarabu kizuri vile lazima kitakuwa na tundu mahali."

Mimi nilikuwa sijaelewa kitu. Nikatabasamu. Nikikosa kuelewa huwa natabasamu, na wageni hudhani ni hekima.

Hapo kasisi akaingia, mfupi, ana haraka zake. Akakaa pembeni yangu, akanong'ona:

"Mwanangu, nitakapobariki pete nitahitaji jina lako lote. Cláudio nani?"

Pete?

Cláudio?

Nikatazama maua. Meupe matupu. Nikatazama sahani ya lozi zilizopakwa sukari, zile za posa na harusi. Nikatazama akina mama walionibusu.

Jasho likaanzia kisogoni likateremka mpaka kwenye soksi. Hapa si Ain el-Warde. Hapa kuna binti anayeposwa, na mposaji anatoka Brazili, na mimi ndiye niliyekalia kiti chake.

Ilikuwa niseme palepale. Neno moja tu: "Samahani."

Nikafungua mdomo.

Mlango wa nyumba ukafunguka, akatoka Jumana.

Sitasema mengi, maana leo ni mke wa mtu. Niseme tu kwamba alishika sinia la kahawa kwa mkono mmoja na mtungi wa divai kwa mwingine, vidole vimeingia rangi ya zambarau mpaka kwenye kucha, na alipoinua macho kutazama upande wangu, akatabasamu.

Ulimi wangu ukaenda likizo.

Nikasema moyoni, Wadih, labda Mungu ndiye aliyeiharibu ile simu.

"Kahawa ni ya wazee," Jumana akasema. "Wageni waonje hii. Nimeitengeneza mwenyewe."

"Jumana, si leo," baba yake akamwambia chinichini.

"Leo ndiyo leo, baba. Kesho nitakuwa São Paulo."

Umm Tanios, aliyekaa ubavuni kwangu akinilisha lozi kwa mkono wake, akanieleza yote bila kuulizwa. Posa ilipangwa na wazee kwa simu, hata picha yangu hawakuwahi kuiona. Mwana wa kiume, Tanios, kahamia Kanada, harudi. Binti akishaolewa, mizabibu yote inang'olewa, panapandwa viazi. Divai binti alijifunza kutoka kwa babu yake mzaa baba, anaitengeneza kwenye ghala, na baba yake hajawahi kuionja. Mzee ni mtu wa araki, ile pombe yetu kali, anasema divai ni juisi iliyonuna.

"Sasa nani atabaki kuihudumia?" Umm Tanios akasema. "Wewe kule una kiwanda chako cha mashuka."

Nikakubali kwa kichwa. Mashuka, ndiyo. Yanalipa.

Jumana akamimina. Wabrazili wakanywa.

Dona Zuleide akanyamaza.

Nyie hamumjui huyu mama. Ni mtu anayeongea hata akipiga mswaki. Lakini alinyamaza, akaitazama glasi, akaitazama mizabibu, akanywa tena.

Na mimi nikaonja.

Nikasubiri maneno yangu yaje. Cheri hazikuja. Tandiko la farasi halikuja. Kilichokuja ni jikoni kwa bibi yangu, mwezi wa tisa, madirisha wazi. Nikameza, nikanyoosha glasi niongezewe kama mwanafunzi.

"Anasemaje huyo mama?" Abu Tanios akaniuliza, maana Dona Zuleide alikuwa ameanza kuzungumza, polepole, mkono kifuani.

Nikatafsiri. Kwa mara ya kwanza nilitafsiri bila kuongeza chumvi.

"Anasema amezunguka dunia akifuata divai. Anasema nyingi kazisahau kabla ya kufika hotelini. Hii, anasema, angepanda ndege kuifuata tena. Anauliza nani kaitengeneza."

Abu Tanios akamtazama binti yake kwa muda mrefu. Kisha akanyoosha mkono.

"Nipe na mimi."

Akanywa funda moja. Masharubu yakacheza. Glasi hakuirudisha.

Hapo simu yangu ikalia. Ain el-Warde.

"Bwana Wadih, uko wapi? Wageni wako walifika ila hatukuwaelewa. Tumewaonyesha mapipa, wanauliza binti yuko wapi. Tumewapa divai ya kwanza, wanauliza binti. Ya pili, binti. Walipofika ya tano wakaacha kuuliza, wakaanza kuimba."

"Wape maji," nikanong'ona. "Wape mkate. Usiwaruhusu kuondoka."

"Wameshaondoka! Mmoja wetu kawaelekeza kwa Abu Tanios!"

Nikakata simu. Nikatafuta njia ya kutokea. Kushoto mwanakondoo, kulia Umm Tanios na lozi.

Gari likaingia uani likipiga honi. Wakashuka wajomba wawili wenye tai zilizopinda, shangazi mmoja amebeba viatu mkononi, na kijana mnene mwenye uso wa upole, shada la maua limelala kama limefiwa.

"Abu Tanios!" mjomba mkubwa akasema. "Tumefika! Cláudio huyu hapa!"

Abu Tanios akamtazama Cláudio. Akanitazama mimi.

"Na huyu ni nani?"

Watu wote wakageukia kiti chenye mto.

"Mimi," nikasema, "ni wa utalii."

Jamani, nimewahi kuaibika, lakini si kwa kiwango kile. Akina mama walionibusu wakaanza kujifuta midomo.

Nikaeleza. Simu, uwanja wa ndege, tunu, kuonja. Nilipofika kwenye kuonja mzee wa fimbo akaomba aniguse mara moja tu, wakamshika.

Mjomba wa Cláudio yeye hakucheka. Akasema wamedharauliwa. Akasema mtu gani mwenye heshima anakalisha mpita njia kwenye kiti cha mposaji. Abu Tanios akajibu kwamba mtu gani mwenye heshima anakuja kuposa akinuka pipa. Wakatupiana maneno, babu zao wakafufuliwa na kutukanwa kwa zamu, kisha mjomba akaita watu wake: posa imekufa, twendeni.

Cláudio alikuwa wa mwisho kuingia garini. Akanipitia, akanipa mkono, akaniambia kwa Kireno:

"Asante, kaka. Nina mtu wangu Campinas. Nilikuja kwa sababu bibi alilia."

Gari likaondoka.

Abu Tanios akakaa chini. Uso wake ulikuwa umepauka. Kijiji kizima kipo, chakula kipo, kasisi yupo, na binti yake ameachwa uani mbele ya watu. Kwetu jambo hilo linasimuliwa mpaka kwa wajukuu. Umm Tanios akafunika uso kwa aproni. Hapo hata mimi nilisahau kujihurumia. Nilitamani ardhi inimeze.

Jumana akapanda kwenye ngazi ya mlango.

"Baba, inuka," akasema. "Chakula kipo. Kasisi yupo. Watu wapo. Kilichokosekana ni mwanamume tu."

Akavuta pumzi.

"Naye amekuja na basi hili. Mimi nitamtaka huyo, au sitamtaka mtu."

Ndugu zangu.

Amekuja na basi hili.

Moyo ukanipiga kama mlango wa zizi. Nikalikumbuka lile tabasamu. Nikatengeneza tai. Nikapangusa lozi kifuani.

Nikasimama.

Mbele ya Wabrazili, mbele ya kasisi, mbele ya kijiji, nikasimama, nikafungua mikono, nikasema, "Jumana..."

Na yeye, kwa upole kabisa, kama mtu anayemzuia mtoto asikalie sinia la keki, akasema:

"Kaka, samahani. Sogea kidogo. Unamziba."

Nikageuka.

Nyuma yangu Sevag alikuwa ameegemea mlango wa basi, mikono kifuani, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, kafunga mdomo.

"Wewe tena!" Abu Tanios akanguruma.

"Mimi tena, ami."

"Si nilikufukuza?"

"Mara mbili. Na zote ulinirushia kiatu. Kimoja ninacho mpaka leo, nilikuwa natafuta siku nzuri ya kukurudishia."

Mtu mmoja akacheka kwa pua. Kisha mwingine.

"Una nini wewe?" Abu Tanios akauliza. "Huna ukoo hapa. Huna ardhi."

"Sina, ami. Ila huu mwaka wa nne namletea mapipa kwa basi hili, wageni wakishashuka. Mizabibu yako naifunga na yeye kila Jumapili wewe ukiwa kanisani. Akienda São Paulo wewe unabaki na viazi. Akikaa na mimi, yeye anabaki, mizabibu inabaki, na mimi nabaki uendelee kunirushia viatu."

"Anasemaje? Anasemaje?" Dona Zuleide akawa ananivuta shati.

Basi nikatafsiri. Moyo umepasuka, nimesimama katikati ya ua na mikono bado iko wazi, natafsiri kwa Kireno fasaha jinsi dereva wangu anavyopewa mwanamke niliyempenda kwa muda wa kunywa kikombe cha kahawa. Wabrazili wakalia. Hata mimi nikalia, nao wakanisifu kwamba natafsiri kwa hisia.

Abu Tanios alikaa na ile glasi. Akatazama ngazi, akatazama mlima. Kisha akamalizia divai iliyobaki.

"Jumana."

"Naam, baba."

"Mbona hukuniambia kama ni nzuri hivi?"

"Nilikuambia, baba. Kila mwaka."

Mzee akapangusa masharubu, na nadhani macho pia.

"Kasisi," akasema, "kaa ule. Halafu muulize huyu Mwarmenia jina lake lote."

Vigelegele vilivyopigwa hapo, nasikia vilifika mpaka barabara kuu.

Tulipokuwa tunarudi Zahle, Wabrazili wamelala wote, nikamuuliza Sevag, hivi ilikuwaje tukapotelea hapohapo?

"Kiongozi," akasema, "wewe kweli ulidhani tumepotea?"

Kumbe asubuhi, nilipokuwa ndani ya kituo cha mafuta najitazama kwenye kioo cha choo, akina Cláudio walisimama kumuuliza njia. Yeye akawaelekeza Ain el-Warde, akawaambia waingie tu, wanasubiriwa. Kisha akanipakia mimi na suti yangu akanipeleka kule.

"Ungeniambia!"

"Ungekubali kuwa chambo?"

"Hapana."

"Sasa."

Siku hizi ile nyumba ni kituo cha kwanza kwenye safari zangu. Jumana ana wageni kutoka kila pembe, ghala kaligeuza ukumbi, na Sevag anamimina huku anasimulia, tena kwa vitendo. Akifika mahali niliposimama na kufungua mikono, mimi ndiye naitwa mbele nionyeshe. Naonyesha. Watalii wanapiga picha. Dona Zuleide karudi mara mbili, na kila akija anadai nirudie, kwa sababu eti mara ya kwanza nilisimama vizuri zaidi.

Sina kinyongo. Nakula bure, nakunywa bure, na nimeacha habari za tandiko la farasi.

Ila nakuachia moja, wewe uliyesoma mpaka hapa, hasa kama na wewe unapenda suti.

Mtu akitabasamu kuelekea ulipo, usikimbilie kutengeneza tai. Geuka kwanza utazame nyuma yako kuna nani.

Mimi sasa hivi hata nikisalimiwa na mama yangu mzazi, nageuka.